Maswali ya Wasomaji: Kijiji Kinachovuna Theluji

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya Mürren, kijiji cha Uswisi kilichokaa ukingoni mwa genge juu ya bonde la Lauterbrunnen. Chini yake tuliandika mistari michache tu: wakazi kama 450, vitanda vya wageni 2,000, magari ya watu binafsi hakuna, na kwamba mashindano ya skii za mteremko, yaani kuteremka thelujini kwa mbao zilizofungwa miguuni, yalianzia huko. Mistari hiyo imezaa barua nyingi. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Kijiji kidogo hivyo kilipataje jina kubwa? Na kabla ya wageni kuja, watu wa huko waliishi kwa nini? (Mwalimu wa historia, Makambako)

Waliishi kwa ng'ombe, Mwalimu. Wenyeji wa vijiji vya juu vya bonde lile, Mürren na jirani yake Gimmelwald, wanatokana na Wawalser, wasemaji wa Kijerumani waliovuka milima kutoka Lötschental, upande wa Valais, zama za kati. Kiangazi walikata nyasi na kuzikausha, majira ya baridi wakawafungia ng'ombe zizini, na maziwa wakayafanya jibini kwa sababu jibini halichachi njiani. Kijiji kiko kama mita 1,640 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde iko mita 800 chini yake, na katikati ni ukuta wa mwamba.

Reli ilifika mwaka 1891. Haikujengwa kwa ajili ya skii hata kidogo. Ilijengwa kwa wageni wa kiangazi waliotaka kukaa barazani na kuitazama milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau ng'ambo ya bonde. Baridi ikiingia, hoteli zilifungwa na treni ikalala. Aliyeibadili hesabu hiyo ni Henry Lunn, Mwingereza aliyewahi kuwa mmishonari wa Kimethodisti kisha akageuka wakala wa safari. Aliishawishi kampuni ya reli iendeshe treni majira ya baridi pia, na msimu wa 1910–11 wageni wa theluji wakaanza kupanda. Mwaka 1912 ikaongezwa treni fupi ya kamba ya kwenda Allmendhubel, juu kidogo ya kijiji, hiyo kwanza kwa ajili ya wapenzi wa sleji, vigari vya kutelezea thelujini.

Vita Kuu ya Kwanza vilizifunga tena hoteli, lakini si kwa muda mrefu. Uswisi, ambayo haikuwa upande wowote, ilikubali kuwapokea mateka waliojeruhiwa wa pande zote mbili. Kuanzia 1916 wanajeshi wa Uingereza waliotoka kambi za Ujerumani waliwekwa Château-d'Oex na Mürren. Kijana aliyewashughulikia huko Mürren ni Arnold Lunn, mtoto wa Henry. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda vitani: mwaka 1909 alianguka akipanda mwamba huko Wales, mguu ukavunjika, na ulipopona ulibaki mfupi kuliko mwenzake.

Mguu huo haukumzuia kuteleza, wala kugombana. Wakati huo wakubwa wa skii walikuwa Wanorwe, na kwao skii ilikuwa mambo mawili: mbio ndefu za tambarare na kuruka. Kuteremka tu hakukuhesabiwa mchezo. Palipokuwa na mashindano ya kukata kona, waamuzi walitoa alama za mtindo, kama kwenye ngoma. Hoja ya Lunn ilikuwa nyepesi: mtu anayeteremka katikati ya miti hana haja ya kupendeza, ana haja ya kupita. Basi tarehe 21 Januari 1922, kwenye mteremko wa mazoezi wa Mürren, alichomeka bendera mbilimbili badala ya miti na kutangaza kwamba anayezipita zote kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Hiyo ndiyo slalomu ya leo. Neno lenyewe ni la Kinorwe. Kitu kilikuwa kipya.

Mwaka 1924 yeye na wenzake wakaanzisha klabu ya Kandahar hapohapo kijijini. Wasomaji wawili wameuliza mji wa Afghanistan umefikaje kwenye theluji ya Uswisi. Umefika kwa cheo cha mtu. Field Marshal Roberts, jenerali wa Uingereza aliyepigana huko, alikuwa na lakabu ya "Roberts wa Kandahar", na kikombe alichokitoa kwa mbio za 1911 kule Montana kiliitwa kwa jina hilo. Klabu ikalirithi.

Mwaka 1928 watu 17 waliingia katika mbio za kwanza za Inferno. Gari la kebo la kuwapandisha Schilthorn halikuwapo. Walipanda wenyewe hadi kileleni, karibu mita 2,970, ngozi zimefungwa chini ya skii ili zisirudi nyuma, ndipo wakashindana kuteremka hadi bondeni Lauterbrunnen. Mbio hizo zinafanyika mpaka leo kila Januari. Theluji ikiruhusu njia nzima, ni karibu kilomita 15, na washiriki ni kama 1,850. Mwaka 1930 shirikisho la kimataifa la skii likazikubali mbio za kuteremka na slalomu, na Februari 1931 Mürren ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia. Upande wa wanawake Mwingereza Esmé MacKinnon alishinda zote mbili. Olimpiki ilisubiri hadi 1936.

Kuna Mswahili yeyote aliyewahi kushindana huko kwenye theluji? (Msomaji, Malindi)

Wapo, na mmoja ni jirani yako. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya huko Pyeongchang: Mkenya wa kwanza katika skii za mteremko kwenye Olimpiki. Kabla yake Philip Boit alikimbia kilomita 10 za tambarare kule Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa 92, wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Kama magari hayafiki, unga, gesi, vitanda vya hoteli na takataka vinapitaje? (Mfanyabiashara wa jumla, Tanga)

Vyote vinapita angani, halafu relini. Ukishuka kwenye treni Lauterbrunnen, unavuka barabara na kuingia kituo cha gari la kebo la kwenda Grütschalp. Watu wanakaa ndani ya kibanda. Mizigo inaning'inia chini ya kibanda hichohicho kwenye jukwaa lake. Juu, mizigo inahamishiwa kwenye behewa bapa ambalo treni ndogo ya umeme inalisukuma mbele yake kwenye ukingo wa genge, kilomita 4 hadi Mürren. Yaani kila kreti ya bia inashikwa mara tatu au nne kabla ya kufika jikoni, na bei ya bia inaonyesha.

Gari hilo la kebo ni la 2006. Kabla yake palikuwa na treni ya kamba ya mwaka 1891, lakini udongo wa mteremko ule unatambaa polepole, reli zikawa zinapinda kila mwaka. Nguzo chache za kebo ni rahisi kuzilinda kuliko reli inayolala juu ya udongo unaohama. Njia ya pili inatoka upande wa Stechelberg, na tangu Desemba 2024 ina gari jipya lenye mwinuko wa asilimia 159: ukisogea mita 100 mbele, umepanda mita 159. Hakuna kali kuliko hilo duniani.

Ndani ya kijiji kuna vigari vya umeme na trekta ndogo za kazi. Mwenye hoteli anawapokea wageni stesheni, masanduku yanakwenda kwa kigari na watu kwa miguu. Takataka hushuka kwa njia ileile chakula kilikopandia. Mihimili mirefu ya ujenzi na zege la mahali pabaya hubebwa na helikopta, na hapo hesabu inakuwa ya dakika: fundi hupanga kila kitu ardhini kwa mpangilio wa kuinuliwa kabla helikopta haijawasha injini.

Kwa nini watengeneze theluji wakati milima imejaa theluji? Na inatengenezwaje, ni barafu ya kusagwa? (Fundi friji, Arusha)

Si barafu ya kusagwa, fundi, na hakuna gesi ya friji wala kompresa ya kupoza. Baridi inatoka hewani bure. Mashine inapasua maji tu.

Mashine hiyo, mzinga wa feni, ni pipa kubwa lililolala, feni nyuma, na mdomoni pete za matundu madogo. Maji ya shinikizo yanatoka kwenye matundu yakiwa ukungu. Pembeni kuna matundu machache ya namna nyingine, ambayo maji huchanganywa na hewa iliyoshindiliwa. Hewa ile ikitoka inatanuka ghafla, inapoa, na vitone vidogo vinaganda papo hapo. Hivyo ni mbegu. Feni inarusha mbegu na ukungu pamoja, vinagongana vikiwa angani, na kila kitone kina sekunde chache tu za kuganda kabla ya kugusa chini. Ndiyo maana mzinga huinuliwa juu ya nguzo. Kimo kikiongezeka, muda wa kuganda nao unaongezeka.

Kipimo kinachoamua si kile cha kipimajoto cha kawaida. Ni cha kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, maana maji yanapovukiza huchukua joto. Hewa ya nyuzi 0 iliyo kavu, unyevu wa asilimia 40, inakishusha kipimo hicho hadi karibu –4, na mzinga unafanya kazi. Hewa ya –2 yenye ukungu mzito haikishushi hata nusu nyuzi zaidi, na mzinga unamwaga maji machafu ya barafu. Kwa hiyo usiku mkavu wenye nyota unaweza kuwa na faida kuliko asubuhi ya baridi yenye mawingu. Mstari wa kuanzia ni kama –3. Kuanzia –7 kushuka chini kazi inakwenda yenyewe. Maji nayo yawe baridi, nyuzi chache juu ya sifuri. Ya bwawa yakiwa ya nyuzi 8 hupozwa kwanza.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kompyuta. Mfanyakazi anasimama chini ya wingu la mzinga, ananyoosha mkono, anatazama mkono wa koti. Chembe zikidunda na kuanguka, theluji ni kavu. Zikinata kidogo kisha zikapukutika ukitikisa, ni nzuri kwa tabaka la chini. Zikiloanisha kitambaa, punguza maji. Anayepuuza jaribio hili huamka na kukuta bamba la barafu ambalo mashine itakuwa inalikwangua mpaka Februari.

Sasa kwa nini. Theluji ya asili ni nyepesi na imejaa hewa. Ikishindiliwa inabaki sehemu ndogo ya kimo chake, na upepo unaipeperusha migongoni mwa mteremko. Theluji ya mzinga ni chembe za mviringo, nzito, inaweka msingi usiochakaa. Mita moja ya ujazo ya maji inatoa theluji mita 2 hadi 2.5 za ujazo. Kufunika hekta moja kwa sentimita 30 unahitaji maji kama lita milioni 1.2 au 1.5, na hapo hujahesabu kinachopeperushwa. Ndiyo maana karibu na njia hizi utaona bwawa lililochimbwa, nalo lilijazwa kiangazi au majira ya kupukutika majani, si wakati vijito vimeganda.

Rundo la theluji mpya halisambazwi siku hiyohiyo. Linaachwa siku moja au mbili maji yaliyonaswa yatoke. Ukilisukuma likiwa bichi, maji yanaganda ndani na kuwa barafu. Kisha mashine za minyororo zinalitandaza. Mbele ziko na blade, nyuma na rola yenye meno inayosaga mabonge, na mwisho kabisa kitambaa kigumu cha plastiki kinachoacha mistari ile kama ya kitana. Kazi hiyo hufanywa jioni lifti zikifungwa, si alfajiri, kwa sababu theluji iliyosagwa inahitaji saa kadhaa za baridi ili chembe zishikane. Kwenye mteremko mkali mashine hujifunga kwa waya wa chuma kwenye nguzo ya juu. Waya huo unaweza kufika mita 1,000, unalegea na kukazika ghafla, na usiku hauonekani. Mtu anayepanda na skii baada ya saa za kazi kwa ajili ya kufurahia mbalamwezi anaweza kukatwa nao. Bango la kukataza kupanda usiku ni bango la kweli.

Kama unataka kuona haya bila kufika Ulaya, fundi, kituo cha skii cha Afriski kiko Lesotho, zaidi ya mita 3,000 katika milima ya Maluti, msimu wake Juni hadi Agosti. Theluji ya asili huko ni haba. Usiku mkavu ndio mtaji.

Kiangazi njia hizo za skii zinakuwa nini? Zinamilikiwa na nani? (Mfugaji, Njombe)

Zinarudi kuwa malisho, na nyingi hazikuacha kuwa malisho. Mwenye lifti ana mapatano ya kupita tu juu ya ardhi ya wakulima na ya vyama vyao, na anawalipa fidia. Mapatano hayo yanaanza na kumalizika kwa vitu ambavyo mgeni havioni. Kabla ya theluji, nyua za waya zinaondolewa kwa sababu waya uliofunikwa na theluji ni mtego wa shingo na miguu. Nyasi zikatwe ziwe fupi, maana nyasi ndefu zinalala na kuwa utelezi ambao theluji ya kwanza inaporomoka juu yake. Mawe yaokotwe, kwani jiwe moja lisilookotwa Septemba litachana chini ya skii hadi Aprili.

Malalamiko ya mfugaji ni haya: theluji iliyoshindiliwa inayeyuka wiki mbili au tatu baada ya ile ya jirani, kwa hiyo majani yake yanachelewa. Na mashine ikipita pakiwa na theluji nyembamba, minyororo inang'oa mizizi. Jani la mlimani likishang'oka kwenye kimo kile linachukua miaka kurudi. Kwa maoni yetu mfugaji ana haki ya kuwa mkali hapa kuliko anavyokuwa.

Ng'ombe wanapanda Juni, wanashuka Septemba, kama siku 100. Jibini la mlimani la Bern hutengenezwa hukohuko juu, kwenye sufuria kubwa ya shaba. Maziwa yanapashwa hadi kama nyuzi 32, yanatiwa dawa ya kugandisha, mgando unakatwa kwa fremu ya nyuzi mpaka chembe ziwe ndogo kama punje za ngano, kisha unapashwa tena polepole hadi nyuzi 50 na kitu huku ukikorogwa. Hapo chembe zinajikamua. Ukipasha haraka, ngozi ya chembe inafunga na maji yanabaki ndani. Jibini hilo litavimba na kupasuka ghalani. Baada ya kushindiliwa na kulowekwa maji ya chumvi, kila gurudumu linageuzwa na kusuguliwa chumvi siku hadi siku. Kilo moja inakula maziwa lita 10 au zaidi. Mwisho wa msimu kila mwenye ng'ombe anagawiwa magurudumu kulingana na maziwa ya ng'ombe wake.

Nasikia theluji inaua. Ni kuzama, baridi, au nini? Kijiji kinajilindaje? (Muuguzi, Bukoba)

Wengi hufa kwa kukosa hewa, Dada, kabla baridi haijafika. Poromoko la theluji likisimama, theluji inakaza kama zege. Aliyefukiwa kabisa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, uwezekano wa kupona ni mkubwa. Baada ya hapo uwezekano huo unashuka vibaya. Ndiyo maana waokoaji wa kweli ni wenzako mliokuwa pamoja, si helikopta. Kila anayetoka nje ya njia zilizoandaliwa anabeba vitu vitatu: kifaa cha redio kinachotuma na kupokea kwenye kilohezi 457, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea, na koleo la chuma. Kifaa bila koleo ni bure. Na koleo la plastiki huvunjika kwenye theluji iliyokaza. Namba ya helikopta za uokoaji Uswisi ni 1414.

Chanzo cha poromoko ni tabaka. Theluji inaanguka kwa awamu, na kila awamu ina tabia yake. Siku za baridi kali na theluji nyembamba, chembe za chini hugeuka kubwa na legevu kama sukari, hazishikani. Juu yake linakuja bamba zito lililopangwa na upepo. Mtu mmoja akilikanyaga mahali pembamba, sukari inavunjika na bamba zima linateleza. Mteremko wa chini ya nyuzi 30 mara chache huachia bamba. Wa kati ya 30 na 45 ndio wenye kuua. Hatari hutangazwa kwa daraja 1 hadi 5, na kosa la kawaida la mgeni ni kudhani 3 ni ya katikati, yaani si mbaya. Vifo vingi hutokea daraja la 3, kwa sababu la 4 watu wanaliogopa.

Kijiji kinajilinda kwa ramani kwanza. Eneo jekundu hujengi. Eneo la bluu unajenga kwa masharti, kwa mfano ukuta wa upande wa mlima uwe wa zege na bila dirisha. Juu kabisa, pale maporomoko yanapoanzia, kuna safu za vizuizi vya chuma vya kimo cha mita 3 hadi 5, kazi yake ni kuishika theluji isianze kusogea, si kuikamata ikishakimbia. Asubuhi baada ya theluji nyingi, walinzi hulipua milima kwa makusudi wakati njia zimefungwa. Ukisikia mshindo saa kumi na mbili asubuhi, vuta blanketi ulale.

Nakwenda kumtembelea dada yangu Bern mwezi Februari. Nataka kujaribu siku moja tu. Nisije nikaaibika au kuvunjika! (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

Hutavunjika, Mama, ukianza na buti. Watu wanahangaikia koti, ilhali siku inaharibiwa na buti. Vaa soksi moja, moja tu, ndefu na nyembamba. Soksi mbili zinakunjana na kubana damu, na mguu unapoa zaidi. Suruali ya ndani iishie juu ya buti. Mkunjo wowote ndani ya buti utakuchoma muundi kufikia saa nne. Ukisimama wima, vidole viguse mbele. Ukikunja magoti, vitoke kidogo. Kisigino kisinyanyuke. Likikuumiza dukani, mlimani litazidi. Rudisha bila haya.

Skii za kuanzia zifike kidevuni. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu ili kukaza kifungio kinachotakiwa kuachia buti ukianguka. Usipunguze kilo kwa aibu, wala usizidishe uzoefu. Ukidanganya uzito kushuka, skii itakuvuka bila sababu. Ukijifanya mzoefu, haitaachia, na goti ndilo litakalolipa.

Usivae pamba karibu na mwili kwa kuwa inashika jasho na kukupoza. Helmeti na miwani vinakodishwa. Mafuta ya jua paka hata kama ngozi yako ni nyeusi, na midomo usiisahau: theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya mionzi, inakupiga kutoka chini.

Chukua somo la kikundi la nusu siku mahali penye mkeka wa kubeba watu, yaani mkanda unaosogea taratibu kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Mürren yenyewe ina njia nyingi nyekundu, ni kali kwa siku ya kwanza, ingawa kuna uwanja mdogo wa wanaoanza. Rangi za Uswisi ni bluu, nyekundu, nyeusi. Kijani hakuna, kwa hiyo bluu ndiyo yako. Mwalimu atakufundisha "pizza": ncha za mbele zikaribiane, visigino visukumwe nje. Kosa la kila mtu ni kuegemea nyuma kwa woga. Ukiegemea nyuma, mbele ya skii inakosa uzito na usukani unapotea. Sukuma muundi wako kwenye ulimi wa buti, hasa unapoogopa.

Kuanguka, anguka ubavuni. Kuinuka, kwanza weka skii zote mbili zikingame mteremko, zikiwa chini yako. Zikielekea bondeni utainuka na kuondoka kabla hujawa tayari. Na aliye chini yako ana haki ya njia, siku zote. Wewe wa nyuma ndiye unayemkwepa.

Kuna tangazo la kazi ya usafi hotelini katika kijiji cha skii Uswisi. Wakala anataka ada ya viza kwanza. Niamini? (Kijana, Mombasa)

Usitume hata shilingi. Kwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya na nchi zinazoshirikiana nao kama Norwe, mwajiri wa Uswisi ndiye anayeomba kibali kwa mamlaka ya jimbo, na lazima aonyeshe kwamba hakupata mtu Uswisi wala Ulaya. Vibali ni vichache kwa mwaka na hutolewa kwa wenye ujuzi maalumu. Usafi, kuosha vyombo na kuhudumu mezani havimo. Wanaofanya kazi kwenye hoteli hizo kutoka kwetu kihalali ni wenye familia huko, au wanafunzi wa vyuo vya hoteli ambao mafunzo ya vitendo yamo kwenye mtaala wao. Mwombe wakala jina la jimbo na namba ya ombi la mwajiri. Asipokuwa navyo, umepata jibu.